MREJESHO: Ruzuku ya kufundisha uhifadhi shuleni, Kigoma

Wakuu, niliomba ushauri namna ya kupata ruzuku ya kufundisha uhifadhi wa wanyamapori kwenye sekondari yetu hapa Kigoma. Tumepata! Siyo yote tuliyoomba, ila ya kuanzia ipo.

Kilichotubeba ni ushauri wa yule aliyesema bajeti ionyeshe mwanafunzi atafanya nini. Tukaondoa posho za vikao na fulana, tukaweka nauli ya boti kwenda Hifadhi ya Taifa ya Gombe, viriba vya miche na darubini za kushirikiana. Mfadhili alitaka pia barua ya mkuu wa shule na akaunti ya shule, siyo ya mwalimu. Hapo andaeni mapema, saini huchukua muda.

Sokwe wa Gombe wanafuatiliwa tangu mtafiti Jane Goodall alipofika mwaka 1960. Wageni wanatoka Ulaya kuja kuwaona, na wengi wa wanafunzi wangu, waliozaliwa hapahapa, hawajawahi kufika. Hilo linaniuma mno, na ndilo tuliloandika aya ya kwanza ya andiko.

Safari ni baada ya mitihani ya muhula. Anayewafahamu wenye boti wa kuaminika pale Kibirizi, wenye maboya ya kutosha watoto wote, naomba anielekeze. Asanteni sana.