Ushauri: tunataka kuwaenzi washirika wa zamani wa kanisa letu, kamati imeanza kugawanyika

Ng'wanaMagu (mleta mada)
Wakuu habarini, na walio ndani ya imani Bwana Yesu asifiwe.

Nasali kanisa la Kibaptisti kwenye mji mdogo pembeni ya ziwa, njia ya Mwanza kwenda Musoma. Mji siutaji, wenyeji mtaujua tu. Wamisionari wa Kibaptisti walianza kazi Tanganyika mwaka 1956. Kwetu kanisa lilianza baadaye, chini ya mwembe, na waanzilishi karibu wote wameshatangulia mbele za haki. Sasa tuna jengo la tofali, spika kubwa na kinanda, lakini muulize kijana wa kwaya nani alitoa kiwanja, anakutolea macho. Mchungaji wetu ni mgeni, katokea Mbeya, akataka tuandae ibada ya kuwaenzi hao wazee pamoja na ubao wa majina ukutani. Nimetiwa kwenye kamati.

Kamati yenyewe ni vurugu. Daftari la washirika limeliwa na mchwa, limebaki jalada na kurasa chache za katikati. Familia moja ambayo marehemu baba yao alinunua bati zote za jengo wanataka jina lake liwe juu kabisa, herufi kubwa, na wako tayari kulipia marumaru. Shemasi mmoja mzee anasema yote hayo ni matambiko yaliyovishwa tai.

Halafu kuna hili linaloninyima usingizi. Kulikuwa na mvuvi ambaye ndiye alikuwa anavusha kwaya kwa mtumbwi wake kwenda kuhubiri visiwani, ngoma na mabenchi humo humo, bila kudai hata senti. Baadaye akaoa mke wa pili, kanisa likamtenga, akafa akiwa nje ya ushirika. Wengine wanasema asitajwe kabisa. Mnanishaurije?

Sangara wa Kirumba
Uzi bila picha haunogi mkuu. Tupia hilo daftari tuone mchwa wa huko wanavyosoma.

Mama Wawili
Mwanangu, hiyo kamati ina wanawake wangapi? Nauliza kwa sababu orodha za namna hii nazijua. Wanaanza wachungaji, wanafuata mashemasi, wanafuata waliotoa hela, akina mama tunaandikwa "na wengineo".

Mimi nilibatizwa ziwani, upande wa Sengerema. Enzi hizo kisima cha ubatizo ndani ya kanisa hakuna. Wazee wanachapa maji kwa fito kwanza kuangalia mamba, ndipo mnaingia. Kulikuwa na mama mmoja, kazi yake kusimama ufukweni na doti ya kanga. Ukitoka majini nguo imegandana na mwili, anakutupia kipande kimoja mabegani, kingine anakufunga kiunoni, na yeye mwenyewe anasimama katikati yako na wanaume mpaka umalize kujisitiri. Sijawahi kumsikia akihubiri, na kikapu cha sadaka hakushika. Ila wasichana wa rika langu hakuna asiyemkumbuka. Mtu kama huyo daftarini humpati hata kama mchwa wasingeligusa.

Soma Matendo 9. Dorkasi alipokufa, wajane hawakumsomea Petro wasifu wa marehemu. Walimwonyesha kanzu na nguo alizoshona. Nanyi iteni familia, kila mmoja aje na kitu cha mtu wake, na aliyemjua aeleze.

Shemasi Mstaafu
Mimi niko na huyo mzee wao. Wengi wetu Usukumani tumekulia kwenye kutambikia, tunajua kunavyoanza. Leo ubao, kesho mtu ataweka maua, keshokutwa utamkuta anaongea nao. Waliokufa wako kwa Bwana, inatosha.

Mwalimu wa Nansio
Mzee shikamoo. Kwa heshima zote, hapo nakukatalia. Warumi 16 karibu yote ni majina. Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, na Kenkrea ulikuwa mji wa bandari kama huku kwetu. Prisila na Akila. Persisi. Mama yake Rufo. Na Paulo hataji mali ya mtu, anataja kazi: hawa waliponza shingo zao kwa ajili yangu, yule alijitaabisha sana.

Shemasi Mstaafu
Marahaba. Hao wa Warumi walikuwa hai, mwalimu. Anawasalimu.

Mwalimu wa Nansio
Dah, hapo umenibana. Basi twende Waebrania 11. Habili amekufa, lakini angali akinena, na humo si yeye peke yake.

Mleta mada, jibu la mvuvi wako liko sura hiyo hiyo. Mstari wa 32 umemtaja Samsoni, huyu huyu wa Delila. Umemtaja na Yeftha. Mwandishi hakuwasafisha, na hakuwaruka. Huyo mvuvi mtajeni kwa alichofanya: alivusha kwaya. Habari ya kutengwa msiiweke ukutani, na mtu akiuliza msiikane.

Shemasi Mstaafu
Kusimulia sikatai. Ubao ndio sitaki.

Fundi Igoma
Mimi ni wa AIC (Africa Inland Church) lakini naomba nichangie. Niliwahi kukusanya historia ya ukoo wetu, najua shida yake.

Usimuulize bibi "ilikuwa mwaka gani", atakutajia wowote ili umwache apumzike. Muulize ilikuwa kabla au baada ya nini. Azimio la Arusha, 1967. Operesheni Vijiji, shika 1974. Vita vya Kagera, 1978 mpaka 1979. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, na hakuna mzee wa Kanda ya Ziwa asiyekumbuka alikuwa wapi aliposikia. Mvua za Elnino ni 1997 kuingia 1998. Ukiambiwa "tulibatizwa naye nikiwa na mimba ya huyu, tumetoka kuhamishiwa kijijini", tayari unajua pa kushika. Unamtafuta huyo "huyu", unaangalia cheti chake. Waweke wazee wawili watatu wa rika moja pamoja, watasahihishana wenyewe mpaka utacheka. Waache waongee Kisukuma kama ndiyo inayotiririka. Rekodi kwa simu, lakini andika siku hiyo hiyo, simu inaibwa.

Marumaru kataeni. Ikishachongwa, jina mtakalolikumbuka mwakani mtalichomeka wapi? Mbao ya mninga, herufi saizi moja, mpange kwa mwaka wa kubatizwa. Hao wenye hela waombeni wajenge choo cha kanisa, maana najua hali ya vyoo vya makanisa yetu. Na nyie Wabaptisti si mnaamua mambo kwenye kikao cha washirika? Kwa nini kamati inabeba mzigo wa kanisa zima?

Mama Wawili
Na huyo mvuvi ameacha wajane wawili. Mmewauliza? Msije mkamsimamisha mmoja madhabahuni, mwenzake akasikilizia dirishani.

Ng'wanaMagu
Nimerudi wakuu, samahani kwa kimya, umeme ulikata.

Daftari tumeacha kulilia. Tulikaa na mabibi watatu barazani wakitafuna michembe (viazi vitamu vya kukausha), tukaanza na mambo ya vijijini kama Fundi alivyosema. Yakaja majina ambayo hakuna hata mmoja kwenye kamati aliyewahi kuyasikia. Kuna aliyekuwa anagonga ringi ya gari juu ya mwembe kila Jumapili alfajiri ili watu waamke. Kuna mama aliyekuwa anasomba maji ya kufyatulia tofali kutoka ziwani, ndoo kichwani, mtoto mgongoni. Wale wa bati wamenuna, ila mmoja wao kaniuliza pembeni choo kinagharimu kiasi gani.

Kwa wajane nilienda. Mke mkubwa bado ni mshirika wetu. Nilipomwambia alete kitu cha marehemu akakaa kimya kidogo, akasema kasia analo mwenzake, nikamwombe yeye. Mke mdogo ni Mkatoliki. Kasia lipo, limekatika ncha, anatumia kutegeshea mlango wa banda la mbuzi. Kakubali kuja nalo. Sasa nani asimame aeleze?

Mama Wawili
Mdogo alete, mkubwa aeleze. Yeye ndiye alikuwa anapanda huo mtumbwi na kwaya. Na wote wawili wakae benchi la mbele, kabla hawajafika watu wa kupanga viti.

Shemasi Mstaafu
Na ubao?

Ng'wanaMagu
Ubao tumeupeleka kikao cha washirika, Jumapili ya mwisho wa mwezi. Utapigiwa kura.

Shemasi Mstaafu
Iwe ya siri. Mkinyoosha mikono, familia ya bati watakaa wanahesabu nani kanyoosha.