Je, ni kweli kwamba duma huacha kukimbiza kwa sababu mwili wake umechemka?

Mzazi wa South B

Hamjambo wanajukwaa. Likizo ya Agosti nilimpeleka binti yangu wa Gredi ya 6 Maasai Mara, na asubuhi ya pili tukabahatika kumwona duma akimfukuza swala tomi. Mbio zenyewe hazikumaliza hata nusu dakika. Swala alikata kona mara mbili, duma akapitiliza mara zote mbili huku mkia ukizunguka kama usukani, kisha akasimama ghafla na kwenda kujilaza chini ya mgunga, mbavu zikipanda na kushuka upesi mno. Swala naye alisimama umbali wa kama mita mia moja, akageuka na kumtazama.

Dereva wetu alieleza kwamba duma huacha kukimbia kwa sababu mwili wake huchemka, na kwamba akiendelea kidogo tu ubongo utaungua. Binti akauliza mbona swala, aliyekimbia mbio zilezile juu ya ardhi ileile, hakulala chini. Dereva alicheka, nami nikanyamaza. Tumerudi Nairobi na bado ananidai jibu. Naomba anayejua fiziolojia ya wanyama anisaidie.

Mwalimu wa Biolojia, Buruburu

Maelezo ya dereva wenu hayakutungwa njiani, yana asili yake. Mwaka 1973, watafiti C. R. Taylor na V. J. Rowntree walichapisha matokeo ya duma waliokimbizwa juu ya mkanda wa mashine maabarani, wakaripoti kwamba joto la mwili lilipofika nyuzi 40.5 za selsiasi wanyama hao waligoma kuendelea. Habari hiyo ikaingia vitabuni, ikatoka vitabuni ikaingia katika filamu za wanyama, na sasa iko katika kila gari la watalii. Tatizo ni kwamba duma hao walikimbia kwa kasi ya kama kilomita 30 kwa saa, ambayo kwa duma ni mchakamchaka tu.

Mwaka 2013 watafiti wengine walichapisha vipimo vya duma wa Namibia waliopandikizwa vihisio vya joto na kuachwa wawinde wenyewe. Joto halikupanda wakati wa mbio. Lilipanda baadaye, mnyama akiwa amekwisha kutulia, na lilipanda zaidi kwa duma aliyefanikiwa kuua kuliko kwa aliyekosa, jambo ambalo watafiti walilihusisha na wasiwasi wa kuvamiwa akiwa na windo. Kwa hiyo duma wenu hakusimama kwa sababu ya kuchemka. Kwanza, alikuwa ameshapoteza kona mbili na alijua hesabu imekataa. Pili, misuli yake imejengwa kwa sehemu kubwa na nyuzi za mkupuo, zinazochoma sukari bila kungoja oksijeni ifike, na moto wa namna hiyo huwaka kwa nguvu lakini haudumu. Duma wa Botswana waliovishwa kola za vipimo walikimbia wastani wa mita 173 tu kwa kila jaribio. Kasi ya juu iliyonaswa ilikuwa kilomita 93 kwa saa, lakini mara nyingi hawakuikaribia, na kilichotofautisha aliyepata na aliyekosa kilikuwa zaidi uwezo wa kufunga breki na kugeuka.

Umbo lake lote limelipiwa kwa ajili ya sekunde hizo chache. Kucha haziingii ndani kabisa kama za chui, zinabaki nje na kung'ata ardhi kama njumu za mchezaji wa mpira. Uti wa mgongo hujikunja na kujinyoosha kama upinde, ukirefusha kila hatua. Njia za pua ni pana ili hewa ipite, na kwa kuwa fuvu ni dogo, upana huo umeipunguzia nafasi mizizi ya chonge za juu. Ndiyo sababu duma humkaba swala koo badala ya kumvunja shingo, na fisi akitokea, mara nyingi duma huacha nyama na kuondoka. Meno na uzito wa kupigania chakula hicho ndivyo alivyovitoa ili apate mbio.

Muuza nyama, Soko la Burma

Mwalimu, umeeleza vizuri sana habari za duma, lakini swali la mtoto lilihusu swala, na hujaligusa.

Mimi si msomi wa mambo haya ila napasua vichwa vya mbuzi kila siku kwa wateja wa supu. Ukikipasua kichwa katikati kwa shoka, utaona ndani ya pua mifupa myembamba iliyojikunja kama karatasi iliyoviringishwa, imefunikwa na ngozi laini yenye damu nyingi na unyevu. Kwa miaka mingi nilidhani ni ya kunusia tu, mpaka mteja mmoja, daktari wa mifugo, aliponiambia kwamba hapo ndipo mbuzi anapopoza damu ya kichwani. Je, swala hana kitu hichohicho?

Mwalimu wa Biolojia, Buruburu

Anacho, na nakubali kosa langu. Hewa inayopita juu ya unyevu huo huupoza, na damu inayorudi kutoka puani hushuka ikiwa na ubaridi mpaka chini ya ubongo. Hapo mshipa unaopeleka damu ya moto kichwani umegawanyika kuwa wavu wa vijishipa vyembamba vilivyolala ndani ya damu hiyo ya baridi, joto likihama kutoka mmoja kwenda mwingine bila damu zenyewe kuchanganyika. Taylor yuleyule, akiwa na C. P. Lyman, alipima mwaka 1972 swala tomi waliokimbizwa na kukuta ubongo ukiwa na joto la chini kuliko damu ya mshipa mkuu kwa nyuzi 2.7.

Hata hivyo, nisije nikapanda uongo mwingine baada ya kung'oa wa kwanza: jamii ya paka nao wana wavu wa aina hiyo, kwa hiyo wavu peke yake hauelezi mlichokiona. Swala hakulala kwa sababu hakuwa amejikamua kama mwenzake. Ndiye aliyechagua wakati wa kugeuka, na mfukuzaji ndiye aliyelazimika kufunga breki na kuanza upya.

Mwana wa Wajir, Eastleigh

Ndugu zangu, mnasema joto halimzuii duma, lakini kwetu mwaka 2013 wanakijiji wanne waliwakamata duma wawili waliokuwa wakimaliza mbuzi. Walingoja jua la mchana liive, wakawafukuza kwa miguu zaidi ya kilomita 6 mpaka wanyama wakashindwa kusogea, wakawafunga na kuwakabidhi kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori wakiwa hai. Habari ilitangazwa hadi Uingereza. Mwalimu, hilo tulielewe vipi?

Mwalimu wa Biolojia, Buruburu

Hoja yako ni nzito, na haipingani na vipimo vya Namibia. Duma anayewinda hukimbia mita mia mbili akapumzika, na joto halipati muda wa kujikusanya. Wazee wa Wajir walimnyima huko kupumzika. Wakamgeuza kuwa duma wa mashine ya 1973, mwenye kukimbia polepole na kwa muda mrefu asiotaka, na katika mazingira hayo Taylor na Rowntree walikuwa sahihi kabisa. Mwanadamu huyatoa majasho mwili mzima akiwa anaendelea kukimbia, ilhali duma hutegemea zaidi kuhema, na mnyama wa miguu minne akienda mbio za kuruka pumzi yake hufungwa na hatua, kuvuta moja kwa hatua moja, asiweze kuhema upesi apendavyo.

Mzazi wa South B

Ahsanteni nyote. Nimemsomea binti kila neno. Amekubali habari za kona na breki, lakini anauliza kwa nini swala alisimama kumtazama adui badala ya kuzidi kwenda mbali.

Mwalimu wa Biolojia, Buruburu

Mwambie kwamba silaha ya kwanza ya duma ni kunyemelea. Duma anayeonekana amelala chini ya mgunga hana madhara, na swala akimpa kisogo hatajua tena yuko wapi.