Msaada: Konstanti ya Planck kwa taa za LED, majibu hayalingani (Kidato cha 6, Kigoma)

Mwl_Ujiji: Habari za jioni wakuu. Hatuna kifaa cha fotoelektriki, kwa hiyo tunatumia LED za mafundi redio wa mtaa wa Mwanga. Tunapandisha volti taratibu hadi LED ianze kuwaka, kisha h = eVλ/c (h ni konstanti ya Planck, e chaji ya elektroni, V volti, λ urefu wa wimbi, c kasi ya mwanga). Nyekundu (nm 630) imewaka kwenye volti 1.6, h ikatoka 5.4 × 10⁻³⁴. Bluu (nm 470) volti 2.4, ikatoka 6.0 × 10⁻³⁴. Nyeupe ndiyo haieleweki kabisa. Tunakosea wapi?

Kipimo_Tabora: Mwalimu, shida ni kutegemea jicho. Elektroni haikai katikati ya pengo la nishati (nafasi kati ya ngazi mbili za nishati ndani ya LED). Iko juu au iko chini, na ikishuka hutoa fotoni (chembe ya mwanga) yenye nishati karibu sawa na pengo lenyewe. Ndiyo maana ukizidisha volti nyekundu inakuwa kali tu, haigeuki kijani. Waonyeshe hilo kwanza, ndiyo kiini cha somo! Lakini joto la chumba huzipa baadhi ya elektroni nishati ya ziada, hivyo mwanga hafifu hutangulia kabla volti hazijafikia pengo. Tumia mkondo uleule kwa rangi zote, miliampea 0.1.

Rezista1K: Mita moja ya umeme inatosha kwa mkondo na volti. Betri ya volti 9 kwenye miguu ya pembeni ya voliumu B10K (rezista ya kuzungusha ya kilo-ohm 10, kama ya redio; yenye herufi A inaruka ghafla, iache). Mguu wa kati uende kwenye rezista ya kilo-ohm 1, kisha LED, kisha hasi. Pima kwenye rezista, zungusha hadi isome volti 0.10. Voliumu usiiguse tena, hamishia mita kwenye miguu ya LED. Ukipima LED pamoja na rezista, umeongeza volti 0.1 isiyo yake.

Kipimo_Tabora: Na usikokotoe kwa LED mojamoja. Chora V dhidi ya 1/λ. Mwinamo ni hc/e, ukaribie 1.24 × 10⁻⁶. Upungufu unaofanana kwa LED zote hauugusi mwinamo. Nyeupe itoe, ni bluu iliyopakwa unga wa njano.

Mwl_Ujiji: Asanteni sana. Fundi hajui urefu wa wimbi wa LED zake, nifanyeje?

Rezista1K: CD tupu. Mistari yake imeachana mikromita 1.6. Mwanga upite mwanya mwembamba, uipige CD kwa nyuzi 90, upime pembe (θ) kutoka mstari huo hadi rangi ya kwanza inayojitokeza pembeni: λ = 1.6 × sin θ, kwa mikromita. Nyekundu yako iangukie karibu nyuzi 23, bluu 17.