MJADALA: Kitabu cha ndugu yetu wa Nansio kiingie maktaba za shule, au aweke faharasa kwanza?

Abiria wa Kisorya (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Kuna mwalimu mstaafu wa Nansio, kisiwani Ukerewe, ametoa kitabu, hadithi fupi saba na insha nne, kimechapwa na wachapaji wadogo hapa hapa Mwanza. Nimekinunua elfu kumi na tano, na nusu yake nimeisoma kwenye foleni ya kivuko cha kwenda Rugezi. Hadithi ni za Ukerewe tupu: ugomvi wa mipaka ya mashamba, mjukuu wa omukama (mtawala wa jadi) anayeuza vocha, mpiga enanga, ala ya nyuzi, ambaye mkewe kamchoka. Insha zinahusu tulichoachiwa na Kitereza na Kezilahabi, waandishi wa Ukerewe. Sasa tatizo ni hili: wahusika wake wakikasirika wanahamia Kikerewe, tafsiri hakuna, na ukifungua nyuma hukuti faharasa ya maana za maneno. Ameomba shule zinunue. Mkuu wa shule mmoja kamrudishia nakala na kikaratasi: "Lugha haieleweki." Nauliza, hela ya umma inunue kitabu cha namna hii?

Mgosi wa Nyakato
Faharasa kwanza. Nafundisha Kiswahili hapa Mwanza mwaka wa kumi na tisa huu, mtoto wa kidato cha pili humpi kitabu chenye kurasa asizozielewa ukasema ni urithi. Halafu kuna insha nimeonyeshwa, anasema Kiswahili ni sangara na lugha za kando ya ziwa ni furu, wale samaki wadogo wanaoliwa naye. Nimekasirika, sifichi. Kiswahili kimemla nani?

Binti Ukara
Mwalimu, umeulizwa maktaba umejibu samaki. Lakini basi twende huko huko. Sangara hakuzaliwa humu ziwani, aliletwa miaka ya 1950. Ilipofika miaka ya 80, furu ukiwapata unashangaa. Bibi yangu ana majina ya furu, huyu mwekundu kifuani, huyu wa kwenye mawe, huyu anayefuga watoto mdomoni, kila mmoja na jina lake. Mama anayakumbuka mawili. Mimi nasema "furu" basi. Insha nzima ni hiyo, hajatukanwa mtu.

Mgosi wa Nyakato
Furu wamerudi siku hizi, hata sokoni unawaona. Na huyo sangara mnayemsema ndiye aliyejenga nusu ya nyumba za mji huu. Pengine ndiye aliyekusomesha.

Binti Ukara
Nilisomeshwa na dagaa, mwalimu. Mama anaanika mchangani mpaka leo, na mvua ikianza anapiga kelele ukoo mzima tunatoka mbio.

Ngosha wa Magu
Mnagombana bure. Kikerewe ni Kisukuma kilichovuka maji. Mkerewe ni Msukuma aliyepoteza ng'ombe njiani. Huyo mzee aandike Kisukuma, wasomaji tupo kuanzia Bariadi hadi Sengerema, hatahitaji faharasa wala mkuu wa shule.

Binti Ukara
Rudia hapo.

Mjukuu wa Bukindo
Hapana, asirudie, nimemsikia vizuri. Ngosha, Kikerewe ndugu zake ni Kizinza na Kihaya. Mtawala wetu tulimwita omukama kama wa Bukoba, nyie mna ntemi. Mchukue Mhaya umweke sokoni Nansio, kufika mchana atakuwa anapunguziwa bei. Wewe nenda na Kisukuma chako uone utakavyoongea kwa vidole. Hata huyo Binti Ukara kwao wana Kikara chao, tena kisiwa chenyewe unakiona ukiwa umesimama Ukerewe.

Binti Ukara
Asante kwa kunitambulisha mbele ya baraza.

Ngosha wa Magu
Utani jamani! Bibi yangu amezikwa Murutunguru, mimi nitawachukia vipi? Ila mkubali, ukikaa Nansio siku mbili Kisukuma utakisikia mpaka msikitini.

Mjukuu wa Bukindo
Na Kichaga utakisikia Mwanza kila duka. Mwanza imekuwa Moshi?

Kijana wa Igoma
Nirudi kwa mwandishi maana mmeshampoteza. Kezilahabi kazaliwa Namagondo, riwaya yake Rosa Mistika inaanzia Namagondo, ile ya 1974, na hakutumwagia gunia la Kikerewe. Mtu wa Lamu anaisoma analia. Kitereza naye kaandika kitabu chake kwa Kiswahili safi, Wachina wakachapa, kikatembea dunia nzima. Huyu wa kwetu hadithi zake hazina mwendo, kwa hiyo anajificha kwenye lugha ambayo hakuna wa kumkosoa. Ndiyo ukweli.

Mzee wa Kirumba
Kijana, umechanganya mpaka mimi nimepata kizunguzungu. Rosa Mistika ni 1971. Ya 1974 ni Kichwamaji, na Kichomi ya mashairi mwaka huo huo. Kitereza hakuanza na Kiswahili. Kitabu alikiandika kwa Kikerewe, akamaliza 1945, na hakukuwa na mtu wa kukichapa kwa sababu ya lugha hiyo hiyo. Akakaa tena kukigeuza Kiswahili yeye mwenyewe, viungo vinamuuma. Tanzania Publishing House wakakitoa, ndani kimeandikwa 1980, China ilikuwa kazi ya mitambo tu. Mzee akafa 1981 hajakishika mkononi. Nilikuwa na nakala moja, kizito kama tofali la kuchoma, akaazima shemeji mwaka 1998 na hadi leo tukikutana msibani anapitia mlango mwingine.
Na mkuu wa shule kurudisha kitabu si ajabu. Hiyo Rosa Mistika unayoisifu ilipigwa marufuku shuleni, kisha baadaye wanafunzi wakaisoma kwa ajili ya mtihani.

Kijana wa Igoma
Kwa hiyo mzee kila anayekataliwa sasa ni Kezilahabi? Mimi nimekataliwa mkopo benki mara mbili, niandikeni kwenye silabasi.

Mzee wa Kirumba
Sijamlinganisha na mtu. Soma tena. Tena hilo "mzee" lako la leo lina ncha, naliona.

Kijana wa Igoma
Halina ncha, mzee wangu. Shikamoo. Lakini hujajibu: Kitereza mwenyewe aliona Kikerewe hakifiki, akageuza. Huyu kwa nini asigeuze?

Mzee wa Kirumba
Marahaba. Aligeuza kwa sababu milango ilifungwa miaka zaidi ya ishirini. Mtu akipita dirishani usiseme alichagua dirisha.

Mama wa Mwaloni
Samahani naingilia, niko kwenye dagaa sina muda. Hicho kitabu mwanangu alikileta, nikasoma pale mama mkwe anamgeukia mwali jikoni. Mimi Mjita. Maneno mengine nimeyaotea, mengine yamenipita. Lakini jinsi yule mwali alivyoweka sufuria chini taratibu bila kugonga, nilijua katukanwa tusi ambalo hatalisema hata kwa mama yake. Sasa mkiniwekea maana yake chini ya ukurasa kwa herufi ndogo, si mtakuwa mmenitukana na mimi?

Ngosha wa Magu
Nipe hilo tusi, mama. Nina hakika ni Kisukuma.

Mjukuu wa Bukindo
Matusi ndiyo mnayodai ni yenu?

Ngosha wa Magu
Matusi mazuri, ndiyo.

Abiria wa Kisorya (mleta mada)
Wakuu, mada ni hela ya umma. Anaomba nakala tatu tatu kila shule ya sekondari wilayani, si kwamba kiwe kitabu cha kiada. Cha kiada kina taratibu zake za ithibati. Hiki ni cha kukaa rafu ya ziada, mtoto akitaka achukue, asipotaka akiache. Mama wa Mwaloni amesema jambo kubwa hapo juu na hamna aliyemjibu.

Kijana wa Igoma
Nakala tatu kwa elfu kumi na tano ni elfu arobaini na tano. Mtungi wa gesi ya maabara unapata?

Binti Ukara
Shule yetu ilikuwa na mtungi, maabara ndiyo haikuwepo.

Mgosi wa Nyakato
Nimesoma aliyoandika mama wa Mwaloni mara mbili. Sawa. La mama mkwe nimelielewa, hata kwetu Tanga kuna maneno yakitafsiriwa yanakufa. Mimi kwenye kununua sina ugomvi mkubwa kumbe. Aliondoe neno sangara tu, nitamwandikia barua mimi mwenyewe kwa mkuu wangu.

Binti Ukara
Mwalimu, niulize kwa heshima. Insha umeisoma yote?

Mgosi wa Nyakato
Nilitumiwa ukurasa mmoja kwenye simu.

Binti Ukara
Ukurasa unaofuata anasema yeye mwenyewe anakula sangara kila Jumapili na anaota ndoto zake kwa Kiswahili. Anasema hajui kama asikitike.

Mgosi wa Nyakato
Huo sikutumiwa.

Abiria wa Kisorya (mleta mada)
Ijumaa nakuja mjini, nitakupitishia changu Nyakato.

Mgosi wa Nyakato
Nitashukuru. Kifunge kwenye rambo, majira haya ya mvua kivukoni si mchezo.

Kijana wa Igoma
Rambo zilipigwa marufuku 2019, mwalimu wa Kiswahili sanifu.

Ngosha wa Magu
Zamu ya pili yangu. Nitapigia mstari kila neno la Kisukuma nitakalokuta.

Mjukuu wa Bukindo
Kwa penseli.