Transmita ya tangi inaganda asubuhi za mawingu na PLC inaiamini. Naomba ushauri

MwambaoFundi (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Niko Kigoma, natunza mradi mdogo wa maji wa kijiji huku mwambao wa kaskazini, kule ambako mzigo wote unapandia boti Kibirizi. Pampu iko ufukweni, inasukuma maji ya ziwa hadi kwenye tangi mlimani. Inakula sola moja kwa moja, betri hakuna.

Tangini kuna sensa ya kina pamoja na bodi ya transmita ya waya mbili, 4 hadi 20 miliampea (4 ni tangi tupu, 20 ni tangi limejaa). Bodi aliitengeneza fundi aliyenitangulia, ameshahama mkoa na simu yake haipatikani. Waya wa milimita za mraba 0.5 unashuka kama mita 700 hadi kwenye PLC (kompyuta ndogo inayoiamuru pampu) iliyo kwenye kibanda cha pampu. Volti 24 za laini hiyo zinatoka kwenye konveta inayolishwa na paneli zilezile.

Shida ni hii. Jua likichomoza kali, hakuna neno. Asubuhi yenye mawingu, transmita inang'ang'ania 6.8 miliampea na haibanduki hapo hata jua likiwa la utosi. PLC inaisoma 6.8 kama tangi lina asilimia 17.5, basi inaamuru pampu isukume. Tangi linafurika, maji yanateremka kwenye mihogo ya watu. Mwenye shamba ameshakuja kuniulizia akiwa na jembe begani. Nikichomoa waya wa laini na kuurudisha, inasoma vizuri kabisa.

Kwenye bodi kuna XTR116 (chipu inayotuma mkondo wa 4 hadi 20 kwenye laini), maikrokontrola ya ATmega328P inayotumia volti 3.3, na kapasita ya mikrofaradi 470 kwenye laini ya volti 5. Upande wa PLC kuna rezista ya ohm 250. Jamaa mmoja kanishauri niongeze kapasita iwe kubwa zaidi. Nyie mnasemaje?

Kichwa_cha_Reli

Mkuu, salamu kutoka Tabora. Usijitese. Weka betri mbili ndogo za volti 12 kwa ajili ya laini hiyo tu, transmita isizimike kabisa. Uzi ufungwe.

Mama_Ohm

Usifungwe kwanza, mwanangu wa Tabora. Betri itauficha ugonjwa mpaka siku itakapoisha chaji, na siku hiyo haitakuwa mchana wakati fundi yuko saiti.

MwambaoFundi, kapasita usiongeze. Fikiria alfajiri ya mawingu: paneli inaonyesha volti lakini haina nguvu nyuma yake. Konveta inawaka, mzigo unaivuta, inaanguka, inawaka tena. Laini yako inapanda na kushuka kwa dakika nyingi. Katika kupanda huko maikrokontrola inakutana na volti 1.5, volti 2, inaanza kazi nusu nusu, kisha inaganda. Volti zikikamilika baadaye imeshapotea njia, na hakuna aliyeiambia ianze upya. Ukichomoa waya na kuurudisha unaipa volti kwa mkupuo, ndiyo maana inapona.

Kapasita kubwa inaongeza tatizo. Kwa miliampea 3, mikrofaradi 470 zinachukua kama sekunde 0.8 kufika volti 5. Mikrofaradi 47 ni sekunde 0.08. Unataka ipite eneo la hatari haraka, siyo itembee.

Nipimie vitu viwili. Laini ya volti 5 inakula kiasi gani ikiwa imeganda, na kiasi gani ikiwa salama? Halafu angalia kama kuna rezista inayotoka mguu wa Vref (volti ya rejea) kwenda mguu wa kuingizia mkondo wa XTR116.

MwambaoFundi

Shikamoo mama. Nimepanda mlimani leo. Ikiwa imeganda inakula miliampea 6.6, ikiwa salama 2.6. Na ndiyo, ipo rezista ya kiloohm 102 pale pale ulipotaja. Ulijuaje?

Mama_Ohm

Marahaba. Nimejua kwa sababu wengi huiweka. Tuanze na 6.6: jumlisha mikroampea 200 za XTR yenyewe, unapata 6.8 yako. Kwa hiyo namba ile haina uhusiano wowote na maji. Ni ulaji wa bodi iliyoganda. Transmita ya waya mbili inaishi kwa mkondo uleule inaotumia kuzungumza. Ikila zaidi ya inachotaka kusema, PLC inasoma ulaji.

Sasa hiyo rezista. Vref ya XTR116 ni volti 4.096. Gawa kwa kiloohm 102, unapata mikroampea 40, na chipu inazidisha mara 100: miliampea 4. Aliyeiweka alitaka kurahisisha programu, iongeze tu kile kinachozidi 4. Lakini hata ukifanikiwa kuizuia maikrokontrola isiamke vibaya, transmita bado itatuma 4 kamili, yaani "tangi tupu". Pampu itasukuma vilevile! Itoe. Mkondo wote utoke kwenye programu, ili bodi isipokuwa tayari laini ibaki chini ya 3.6, na PLC ijue hapo hakuna kipimo.

Saketi_Tu

Nakubaliana na Mama Ohm, naongeza upande wa chipu. Kabla hujanunua kitu chochote, soma fyuzi (mipangilio ya kudumu ndani ya chipu) za hiyo ATmega. Naweka dau BOD (kinga inayoishikilia chipu kwenye reset volti zikiwa chini) imezimwa, watu huizima ili kuokoa mikroampea chache. Iwashe kwenye volti 2.7. Ngazi zake ni 1.8, 2.7 na 4.3, na kwa volti 3.3 hiyo ya kati ndiyo yako. Pia angalia CKDIV8, fyuzi inayogawa kasi ya chipu kwa 8. Kiwandani inakuja imewashwa, chipu inaanza kwa megahezi 1. Akiizima mtu, inaamka na megahezi 8 kabla programu haijapata nafasi ya kuipunguza kasi, ndipo ulaji unaporuka. Ni sawa na kung'oa gari mlimani kwa gia ya tatu.

Kichwa_cha_Reli

Basi si awashe watchdog tu? Ikiganda inajireseti yenyewe.

Saketi_Tu

Ukiiwashia ndani ya programu, itakusaidia tu kama programu imefika kwenye mstari huo. Hii inaganda kabla. Labda utumie fyuzi ya WDTON, hiyo inaiwasha tangu mwanzo bila kuiuliza programu. Ni nyongeza nzuri. Lakini watchdog haijui volti ziko ngapi, itareseti ndani ya volti zilezile mbovu.

MwambaoFundi

Nimesoma fyuzi kwa laptopu. BOD imezimwa, CKDIV8 imezimwa. Saketi_Tu una macho ya mbali. Nimeziwasha zote mbili, rezista nimeitoa, programu nimeirekebisha, kapasita sasa ni 47. Mezani inaonekana njema, ila naogopa kuipandisha mlimani kisha inirudishe huko. Naijaribuje hapa chini ili niiamini?

Mama_Ohm

Usiijaribu kwa swichi. Swichi ndiyo hali ambayo haikuwahi kukusumbua. Tengeneza pawasaplai ya regyuleta LM317 yenye poteshiometa ya kubadili volti, weka rezista ya ohm 300 kwenye laini, kisha zungusha polepole kutoka chini kabisa. Simama katikati, rudisha nyuma, panda tena. Cheza nayo kama mawingu. Ohm 300 si namba ya kubahatisha: 250 za PLC, na waya wako wa 0.5 una karibu ohm 36 kwa kilomita, kwenda na kurudi kilomita 1.4, zinakuja kama 50.

Na hapo utagundua kitu ambacho BOD haikitibu. Mzigo ukiamka, volti zinashuka. Ohm 300 mara 6.8 miliampea ni volti 2 zimepotea. Kama kizingiti cha kuwaka na cha kuzima viko karibu, itawaka, itashuka, itazima, itapanda, itawaka, siku nzima. Ndiyo maana napenda kompareta ndogo inayopima volti baada ya daraja la diodi (pale laini inapoingia kwenye bodi) na kuukata mzigo wote, daraja la sensa na ampilifaya yake vikiwemo. Iwashe kwenye volti 12, izime kwenye 8.5. XTR116 inahitaji angalau 7.5, kwa hiyo bado uko juu yake, na pengo la 3.5 linameza zile mbili.

Saketi_Tu

Mama, hapo naona unamzidishia kazi. Kwa ulaji mpya, chipu ndogo ya MAX809 kwenye mguu wa reset inatosha. Inashikilia reset kwa angalau milisekunde 140 baada ya volti kutulia, miguu mitatu ya kuchomelea, kwisha.

Mama_Ohm

Inatosha kwa chipu. Sensa na ampilifaya zitaendelea kula wakati chipu imelala, na yeye ana konveta dhaifu. Aipime. Ikiwa ndani ya reset bodi nzima inakula chini ya 3.6 bila kuyumba, nitakuunga mkono.

MwambaoFundi

Nimejaribu kwa LM317 kama mlivyosema, reset nikiwa nimeishikilia chini kwa kipande cha waya. Inakula 1.4, haiyumbi. Nimezungusha poteshiometa mpaka kidole kimeuma, haijaganda. Nimeagiza MAX809 Dar, mzigo unakuja na basi. Nichukue herufi S au T?

Saketi_Tu

S. Hiyo inareseti chini ya volti 2.93. T ni 3.08, iko karibu mno na 3.3 yako kama regyuleta ina uvivu kidogo.

Mama_Ohm

1.4 nimeikubali, Saketi_Tu umeshinda raundi hii. MwambaoFundi, usisahau PLC: chini ya 3.6 au juu ya 21, pampu isimame na taa iwake. Halafu weka fuloti (swichi ya boya) ya kawaida juu ya tangi, waya wake ukate kontakta (swichi kubwa ya umeme) ya pampu moja kwa moja bila kupitia PLC. Na uniambie daraja la diodi lina kinga gani ya radi, maana huko kwenu mvua za Oktoba hazibishi hodi.

MwambaoFundi

Hakuna kinga yoyote mama. Kesho naleta picha ya bodi.