Kikundi cha Ukoo wa Bibi Kilosa: Gitaa la Sele

ALHAMISI

19:42 Shangazi Mwanaidi: Asalaam aleikum wanaukoo. Fundi wa Kihonda kapiga simu sasa hivi, GITAA LIMEKWISHA. Anataka tulifuate Jumamosi saa nne asubuhi. Salio laki tatu na nusu. Nani anakwenda?

19:43 Shangazi Mwanaidi: [picha 4]

20:07 Shangazi Mwanaidi: Naona mmeshasoma watu kumi na saba.

20:10 Mama Nasra: Mashallah 😍 mninga huo?

20:11 Shangazi Mwanaidi: Mwili ndio mninga. Ubao wa shingoni, pale vidole vinapokaa, ni ule mpingo wa darini kwa Bibi.

20:14 Baba Juma: Mpingo unazama majini jamani. Sele asipande nalo pantoni ya Kigamboni 😂😂

20:15 Rama: Watalitumia nanga 😂

20:15 Dula: 😂😂😂

20:16 Shangazi Mwanaidi: Nimeuliza nani anakwenda.

21:30 Sele: Shikamoo shangazi, shikamooni wote. Ndio natoka mazoezini. Nimeangalia hizo picha mpaka machozi yamenitoka. Miaka yote napiga besi za watu za mkono wa kulia, nimezipindua, uzi mnene uko chini. Hili la kwanza kutengenezwa kwa ajili ya mkono wangu wa kushoto, uzi wa E uko juu mahali pake. Mungu awalipe. Jumamosi tunapiga harusi Mbagala, siwezi kutoka Dar.

21:36 Shangazi Mwanaidi: Basi aende Rama, ana pikipiki.

21:37 Rama: Niko tayari, nalifunga kwa mpira nyuma

21:44 Sele: Rama kaka yangu, tafadhali, pikipiki hapana. Nyuzi peke yake ni inchi 34, bado kichwa na mwili. Na salio lisilipwe kabla halijakaguliwa. Lichomekwe kwenye spika kwanza, anayelipokea asikilize kama linavuma lenyewe bila kuguswa. Kisha kila uzi upigwe mtupu, halafu ubonyezwe freti ya 12, vile vichuma vilivyokingama shingoni: inatakiwa itoke noti ile ile, oktavu moja juu. Ikipanda au ikishuka, fundi asogeze vidaraja vinavyobeba nyuzi, pale pale kwa bisibisi. Anayelipokea apitishe kiganja pembeni mwa shingo, freti zisimkwaruze. Achungulie shingo kwa urefu kama seremala anavyochungulia ubao, iwe na mkunjo kidogo sana. Ikiwa imepinda zaidi kuna chuma ndani kinakazwa, ila akaze fundi mwenyewe.

21:46 Sele: Kwa Moro mtu wa kuyajua hayo ni Ba'mdogo Hamisi.

22:05 Shangazi Mwanaidi: Hamisi hapana.

22:05 Mama Nasra: Dada...

22:07 Shangazi Mwanaidi: Gitaa la Baba aliachiwa nani? Na sisi tukaja kuliona wapi? Kwenye harusi ya watu, Msamvu, tena tukaonyeshwa na jirani.

22:09 Mama Nasra: Hayo tuliyaongea siku ya arobaini.

22:10 Shangazi Mwanaidi: Tuliyaongea. Hatukuyamaliza.

22:12 Baba Juma: *Imetumwa mara nyingi* FAIDA 7 ZA MAJI YA UVUGUVUGU NA TANGAWIZI ASUBUHI...

22:13 Rama: Baba Juma 😂😂😂 leo hii?

22:15 Dula: Ya tatu imenigusa

IJUMAA

06:15 Baba Juma: Ijumaa Mubarak wapendwa 🌹

08:40 Ba'mdogo Hamisi: Nimesoma yote. Ile pesa ilikwenda wapi, Mama Nasra anajua. Siendelei. Sele mwanangu, hongera. Fundi yule alianza na vitanda na makabati, mkono wake safi. Mpingo ndio Wazungu wanachongea klarineti, na huo umekaa darini mpaka umekauka sawasawa, hautakusumbua. Nikihitajika nitakwenda. Nisipohitajika, vilevile sawa.

08:52 Shangazi Mwanaidi: Turudi kwenye mchango. Zimepungua elfu tisini. Ambao hamjatoa mnajijua.

10:20 Salma: Shikamooni. Nimemsomea Bibi kila kitu. Kaniambia niandike hivi:
"Ule mpingo marehemu alikuja nao kutoka Kilwa, juu ya lori, amekaa nao. Alisema mtoto mmoja atautumia. Hamisi ndiye atakayelipokea gitaa kwa sababu ndiye anayelijua. Mwanaidi utafuatana naye. Likitoka kwa fundi lije kwangu Kilosa kwanza nilishike, ndipo liende Dar. Na yale mengine msiyataje tena nikiwa hai."

10:21 Dula: 🙏

10:21 Rama: 🙏🙏

10:58 Shangazi Mwanaidi: Nimesikia mama.

11:02 Ba'mdogo Hamisi: Nimesikia mama.

11:15 Sele: Shikamoo Bibi. Lije kwako kwanza, ni haki yako. Kiongozi wa bendi nilishamwahidi Jumapili nakwenda nalo, nitamwomba radhi, nitaazima tena.

11:20 Shangazi Mwanaidi: Sasa kutoka Kilosa kwenda Dar analipeleka nani? Treni ipo.

11:48 Ba'mdogo Hamisi: Tusiliweke kwenye buti la basi, wala lisiachwe ndani ya gari juani. Joto linalegeza gundi. Je, fundi anatoa na begi?

11:50 Shangazi Mwanaidi: Begi hakulitaja.

11:53 Dula: Mimi nina begi la kinanda

11:54 Sele: Kinanda chako kifupi Dula, shingo itabaki nje.

11:55 Rama: Kilosa kuna pilau?

11:56 Baba Juma: Kama kuna pilau mimi nalibeba mpaka Dar kwa miguu 😂

11:58 Shangazi Mwanaidi: Baba Juma, umejitolea au unacheka? Nijibu.

13:40 Shangazi Mwanaidi: Baba Juma.

16:05 Mama Nasra: Nimetuma elfu hamsini. Hamisi, ukifika kwa fundi nipigie, nataka kulisikia. Blanketi zito la kulifungia ninalo, apitie Rama.

16:06 Shangazi Mwanaidi: Imefika. Bado elfu arobaini. Hamisi, saa tatu na nusu nitakuwa kwako. Na Kilosa kwenda Dar sijajibiwa.