Nimeridhika kuishi bila ndoa, familia inasema nimekata tamaa na Mungu. Naombeni ushauri

Ua la Mufindi (mleta mada)
Habari za jioni wakuu. Nimekuwa msomaji wa kimyakimya humu kwa muda mrefu, leo naomba mnivumilie.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, muuguzi, naishi Morogoro, kwetu Mufindi. Sijaolewa na sina mtoto. Miaka ya nyuma jambo hili lilinitesa. Hakuna mkesha wa maombi ya ndoa ulionipita. Nimefunga, nimepakwa mafuta, nimeandika sifa za mume kwenye karatasi ikawekwa madhabahuni, nimetoa sadaka za "kufungua mlango" ambazo zingetosha kuezeka nyumba. Kila ikifika mkesha wa mwaka mpya naambiwa huu ndio mwaka wako.

Halafu nikachoka. Sikumkasirikia Mungu, nilichoka kumwendea kama mtu anayefuatilia mkopo benki. Nikaacha kuomba mume, nikabaki kuomba tu. Sikutegemea, ila utulivu niliopata sijawahi kuuonja kabla. Nafundisha shule ya Jumapili, namsomesha mtoto wa marehemu dada yangu, na kuna kikundi chetu cha kuwatembelea wagonjwa wasio na ndugu wodini. Narudi usiku, nasoma Neno, nalala. Sina pengo.

Swali langu: nawaelewesheje wazazi na wazee wa kanisa kwamba hii ni imani? Na je, Biblia iko upande wangu? Naomba hekima zenu, jambo lina haraka kidogo.

Ngoja Waje
Nimekaa siti ya mbele. Ngoja waje wajuzi.

Nyundo ya Kweli
Mwanzo 2:18, "Si vema huyo mtu awe peke yake." Uzi ufungwe. Wanawake wa siku hizi mshahara ukishasoma tu mnaanza "sina pengo". Fika miaka 55, goti linauma, hakuna wa kukuchotea maji, ndipo utatuonyesha pengo liko wapi.

Mama Wawili
Nyundo, huyo wa kumchotea mwenzake maji yuko mtaa gani? Mdogo wangu, mimi niliolewa na miaka 24, kanisani, kwaya tatu, keki ya ngazi, vitenge vya sare ukoo mzima. Leo mwenye keki yake yuko Kahama na familia nyingine, na akija Krismasi anaulizia chaja. Upweke wa kulala na mtu aliyekupa mgongo haujaombewa mkesha bado. Baki na amani yako.

Mwalimu Mstaafu
Binti, swali lako la Biblia lina jibu. Soma 1 Wakorintho 7 yote. Paulo anawaambia wasiooa na wajane kwamba ni heri wakae kama yeye alivyo, na sababu anaitoa: asiyeolewa anajishughulisha na mambo ya Bwana bila moyo kugawanyika. Bwana Yesu mwenyewe hakuoa. Katika Isaya 56 matowashi, watu waliohesabika hawana kesho kwa kukosa uzao, wanaahidiwa ndani ya nyumba ya Mungu nafasi na kumbukumbu iliyo njema kuliko kuwa na wana na binti.

Nyundo, hiyo Mwanzo 2:18 hata Paulo aliisoma.

Niongeze jambo linaloniudhi siku zote. Kwenye hiyo mikesha bila shaka umesomewa Isaya 34:16, "hapana mmoja atakayemkosa mwenzake". Rudi nyuma mistari michache uone wanaosemwa ni akina nani. Ni bundi na tai, wanaojenga viota kwenye magofu ya Edomu baada ya hukumu. Mabinti zetu wanatozwa sadaka kwa ahadi waliyopewa ndege.

Kijana wa Msamvu
Mwalimu umeniua na hao tai 😂 Mimi nashikilia Isaya 4:1, wanawake saba watamshika mwanamume mmoja. Nasubiri saba wangu, hadi sasa amekuja mmoja na alikuwa anataka nauli.

Swali Dogo
Dada Ua, umesema jambo lina haraka. Mtu aliyeridhika kukaa bila mume hana haraka. Haraka ya nini?

Ua la Mufindi
Asante Mwalimu, umenifungua, sikuwahi kuisoma hiyo Isaya kwa kuanzia juu. Mama Wawili pole sana.
@Swali Dogo kuna kaka mmoja ambaye familia inampenda. Ni mtu mzuri. Ila nisingependa mada ihamie huko, mimi nimeuliza kuhusu imani.

Swali Dogo
Inampenda tangu lini? Kaleta barua?

Ua la Mufindi
Barua ililetwa mwaka jana. Mahari imepokelewa sehemu.

Ngoja Waje
Sehemu!! Nasogea na kiti.

Swali Dogo
Na harusi ni lini?

Ua la Mufindi
Sawa. Tangazo la kwanza limesomwa usharikani Jumapili iliyopita. Harusi ni Jumamosi baada ya Pasaka.

Kabla hamjanirukia: sijamdanganya mtu. Alipokuja nilimwambia wazi sina haraka na ndoa, akasema atasubiri. Yeye alikwenda nyumbani kabla sijajibu chochote. Mama akasimama kwenye ibada akashuhudia huku analia kwamba Mungu ameifuta aibu yake. Kanisa zima likapiga vigelegele. Ningesimama niseme nini? Maombi yaliyojibiwa ni yale niliyokuwa nimeshaacha kuyaomba, na kila ninayemwambia sina amani anasema shetani hapendi ndoa.

Uhamisho wa kwenda Songea nimeshaomba kwenye mfumo, lakini huo ni kwa sababu za kikazi.

Kijana wa Msamvu
Sababu za kikazi 😂😂😂 Songea! Mchumba anajua?

Ua la Mufindi
Bado.

Nyundo ya Kweli
Nilisema mimi. Umemlilia Mungu miaka yote, kakupa, sasa unamrudishia kama gauni lisilokutosha. Wenzako wanakesha wanatafuta hata wa kusingiziwa.

Mama Wawili
Hapa kidogo Nyundo ana neno, japo sipendi kumuunga mkono. Mdogo wangu, una amani ya kuishi mwenyewe au unamwogopa huyu mtu? Anapiga? Anakunywa?

Ua la Mufindi
Hanywi, hajawahi kuniinulia sauti. Ni dereva wa lori, njia ya Tunduma. Alifiwa na mke, ana watoto wawili. Ningekuwa na la kumlaumu ningelala usingizi.

Karani wa Zamani
Nilifanya kazi mahakamani, nisaidie upande huo. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 69, aliyevunjiwa ahadi ya ndoa anaweza kudai fidia ya gharama alizoingia kwa ajili ya ahadi hiyo. Kifungu cha 71, zawadi zilizotolewa kwa sharti la ndoa zinaweza kudaiwa zirudi. Kwa hiyo mzee wako aangalie hiyo mahari iko wapi. Lakini hakuna hakimu atakayekuamuru uolewe. Bila hiari ya wote wawili hakuna ndoa.

Ua la Mufindi
Mahari imenunua bati.

Ngoja Waje
Nimeanguka kwenye kiti.

Mpelelezi Uchwara
Wakuu mnaliwa muda. Hii ni chai, na sukari imezidi. Moja, tuko Kwaresima, ndoa hazifungwi, matangazo gani tena? Mbili, kila mkimbana anatoa kipande kipya, barua, mahari, tangazo, Songea, bati. Huyo ni mtunzi anapima upepo, sehemu ya pili mtaambiwa mlipie. Tatu, muuguzi gani akitoka zamu anaandika aya zilizonyooka hivi?

Kijana wa Msamvu
Eee kweli. Na mimi nilishaanza kumwonea huruma dereva.

Shemasi Pembeni
Mpelelezi, ndoa haifungwi Kwaresima, ila matangazo yanasomwa. Unadhani harusi za wiki ile baada ya Pasaka zinatangazwa lini? Ndiyo maana kumbi zinagombaniwa.

Mpelelezi Uchwara
Basi atutajie Jumapili madhabahu ilivikwa rangi gani.

Ua la Mufindi
Zambarau. Kuhusu aya, tunaandika ripoti ya zamu kila siku, ukiandika hovyo mgonjwa anakufa. Huamini, pita.

Binti Tanga
Zambarau hata mimi Mwislamu nilijua, jirani yangu kwaya. Hiyo haijathibitisha kitu. Ila mtunzi asingetaja bati.

Mpelelezi Uchwara
Mtunzi mzuri ndiye angetaja bati.

Mwanakamati
Mimi sicheki. Niko kwenye kamati ya harusi ya Jumamosi hiyohiyo, Morogoro. Nimeahidi laki mbili, nimeshatoa laki na nusu. Bwana harusi yuko njia ya Tunduma. Dada, ukumbi wenu una nguzo katikati?

Kijana wa Msamvu
😂😂😂 Madereva wote wa Tunduma wenye harusi Aprili leo wanaendesha wamewasha hazadi.

Ua la Mufindi
Mwanakamati, sitajibu hilo. Tafadhali.

Mwanakamati
Umeshajibu.

Mama Wawili
Achaneni na ukumbi. Hao watoto wawili wanajua?

Ua la Mufindi
Mdogo ananiita mama. Hakuna aliyemfundisha.

Mtoto wa Kambo
Naomba niseme kidogo. Mimi nililelewa na mama aliyeolewa kwa sababu ukoo ulishalipa. Hakutupiga, chakula alitupa, ada alilipa. Ila hakuwahi kukaa sebuleni na sisi zaidi ya muda wa kula. Tulijua tangu wadogo. Sisemi wewe uko hivyo, naona hata wagonjwa wa watu unawakalia. Nasema watoto huwa wanajua.

Nyundo ya Kweli
Mapenzi huja ndani ya ndoa. Bibi zetu walipenda kabla?

Mwalimu Mstaafu
Nyundo, bibi zetu hawakuulizwa. Huyu ataulizwa madhabahuni mbele ya Mungu na watu, na kiapo ni chake, si cha mama yake. Binti, nilikupa Paulo kwa moyo mweupe, na sitamnyang'anya. Lakini Paulo huyo huyo anasema tena wazi kwamba ukiolewa hukutenda dhambi. Kwa hiyo usimtume yeye wala Mungu wakamwambie huyo kijana maneno yako. "Sitaki kuolewa" ni sentensi kamili, haihitaji aya ya Biblia ubavuni, wala haihitaji Songea.

Ua la Mufindi
Mwalimu, mimi sikimbii. Naamini kweli Mungu ananitosha. Nikisema "sitaki" bila Neno wataniona mwenye kiburi.

Shemasi Pembeni
Watakuona hivyo hata ukiwa na Neno. Kiutaratibu, matangazo husomwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Hakuna palipoandikwa kwamba mwenye pingamizi hawezi kuwa bibi harusi mwenyewe. Ongea na huyo kaka kabla ya Jumapili.

Ua la Mufindi
Yuko njiani, anarudi Jumamosi usiku. Siwezi kumwambia mtu jambo kama hili kwa simu akiwa kwenye usukani.

Shemasi Pembeni
Hapo sawa. Ila mchungaji hayuko kwenye usukani. Mpigie kesho asubuhi asisome tangazo la pili mpaka mmeongea.

Ua la Mufindi
Ofisi inafunguliwa saa tatu. Nitakuwa nimetoka zamu.

Mpelelezi Uchwara
Saa tatu na nusu nitakuwa hapa nasubiri mrejesho. Usipokuja ni chai.

Mwanakamati
Na mimi nipo. Ile elfu hamsini iliyobaki naishikilia kwanza.